Mstari wa Malaika na Mabawa ya Senene

Mjukuu wangu aliletwa kijijini kwangu Kishanda akiwa na miaka mitano, begi la magurudumu, na mistari ya Biblia mingi kuliko ya mzee yeyote wa kanisa letu. Salamu hakuwa nayo hata moja. Alisimama mlangoni akaniangalia kama mteja anayesubiri kuhudumiwa dukani.

"Msemee Bibi ule mstari wa upendo," mama yake akamhimiza. Huyo ndiye mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho.

Mtoto akanyoosha kiganja. Nikadhani anataka kunisalimia, nikampa mkono wangu. Akauangalia, akaurudisha. Mkwe akafungua pochi, akatoa pipi, akaiweka kwenye kile kiganja, na hapo Neno la Mungu likamwagika bila pumzi, pamoja na sura na namba ya mstari. Lilipokwisha, mdomo ulifunguka mara moja tu, kupokea pipi, ukajifunga.

"Umeona, Mama?" mkwe akasema, uso unang'aa.

"Nimeona, waitu," nikasema, kwa heshima yetu ya Kihaya. "Hata redio yangu haisemi bila betri."

Mwanangu akacheka. Mkewe akamtazama, akaacha kucheka.

Wanaishi Hamugembe, pale Bukoba mjini, kwenye nyumba yenye migomba michache nyuma ambayo hakuna anayeikatia majani makavu. Mkwe wangu amesoma, anafanya kazi ofisini, na ni mama mwema. Niliseme hilo mapema ili nisije nikasahau. Alihudhuria semina ya malezi ya Kikristo, akarudi na kadi zenye picha, mstari mmoja kwa kila kadi, na kwenye simu akaweka kondoo anayeimba. Mtoto akisema vizuri anapigwa picha inayotembea, inatumwa kwenye kundi la akina mama, na akina mama wote wanajibu kwa mikono iliyoshikana na mioyo myekundu. Mwalimu wa semina aliwaambia kwamba ubongo wa mtoto mdogo ni sifongo, unafyonza kila kitu. Mimi nimelea sita. Sifongo sikuiona. Niliona pua zinazotoa kamasi na magoti yenye vidonda, na mistari niliiingiza humo humo.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Ninasoma kwa kidole, polepole, na mtu akinisemesha katikati ya mstari inabidi nianze tena. Lakini mistari ninayo, mingi kwa Kihaya na mingine kwa Kiswahili, kwa sababu mama yangu alituwekea sheria moja: anayetaka kula aseme. Kadi hatukuziona. Ukisema mstari wako, sahani ya ndizi na maharage inasimama mbele yako. Usiposema, inapita kama basi la Mwanza lililojaa. Ndugu zangu wote walikuwa wanyamavu mpaka saa ya chakula. Saa ya chakula wote wakawa manabii.

Sasa huyu mtoto aliletwa kwa sababu mama yake alikuwa na mimba ya pili, inamsumbua, na daktari alimtaka apumzike. Ilikuwa Oktoba. Walikubaliana akae kwangu mpaka Krismasi, halafu waone. Hilo "halafu waone" ndilo lililonikaa kooni. Tangu mzee wangu azikwe pale nyuma, kwenye kibanja, katikati ya migomba yetu, nyumba yangu ina sauti mbili: ya kuku na ya bati linapopata jua. Nilitaka mtoto abaki. Sikumwambia mtu, maana ukimwambia mkwe kwamba unamhitaji mtoto wake, umeshampa kamba ya kukufunga.

Kumbe kamba alikuwa nayo tayari. Siku ile ile, wakati wanaondoka, akaniita pembeni.

"Mama, Krismasi tutakuja huku. Najua hapa kanisani watoto huwa wanasema mistari. Nimemwombea kipande cha malaika, pale anapowaambia wachungaji wasiogope. Nakuachia pipi za kutosha."

"Pipi baki nazo. Nyumbani kwangu Mungu hasemi kwa pipi."

Akanitazama kidogo. Ni mpole, lakini si mjinga.

"Basi tufanye hivi. Akisema kipande chote, mbele za watu, abaki kwako mpaka Pasaka, nami nijifungue kwa utulivu. Akinyamaza, narudi naye Hamugembe, maana nitajua kwamba huku hajifunzi chochote. Usichukie, Mama."

"Nichukie nini," nikasema. "Nenda salama."

Nikaingia jikoni nikaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wiki za kwanza mtoto aligoma. Salamu alijifunza upesi, na kupiga magoti, na kunawa mikono bila kuambiwa. Upande wa malaika, kimya.

"Pipi kwanza, Bibi."

"Hakuna pipi. Yule malaika alipowaendea wachungaji, alilipwa nini?"

Akafikiri. "Sijui."

"Hakulipwa kitu. Na alikwenda usiku, kwenye baridi, kwa watu wanaonuka kondoo."

"Mama yake malaika hakuwa na pipi?"

Nikamwambia akalete kuni. Kuna maswali ambayo hata mwinjilisti wetu hayawezi, sembuse mimi.

Nikajaribu na ile sheria ya mama yangu, ya sahani. Usiku wa kwanza akalala bila kusema na bila kula, akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyesoma sheria na kuona haimhusu. Aliyeshindwa kulala ni mimi. Asubuhi nikampa uji mara mbili, nikajiambia kwamba mama yangu hakuwahi kukutana na mtoto wa Hamugembe.

Halafu mvua za Novemba zikaja, na senene wakaanguka.

Msomaji ambaye si wa huku nimweleze haraka, asije akadhani ninasimulia pigo la nzige la Misri. Senene ni panzi wa kijani, wengine wa kahawia, wanaoshuka kwa wingi msimu wa mvua. Kwetu ni kitoweo, ni zawadi, ni heshima. Zamani sisi wanawake tuliwakamata, tukawanyonyoa, tukawakaanga, halafu wakala wanaume. Mwanamke kula senene ilikuwa mwiko. Nani aliuweka huo mwiko, na alikuwa ameshiba kiasi gani, mpaka leo hakuna aliyeniambia. Mimi siku hizi ninakula, na mdomo wangu haujaanguka.

Kazi ya senene ni kunyonyoa. Unamshika, unang'oa bawa, bawa la pili, miguu, unatupa kwenye ungo mwingine, unachukua mwenzake. Ndoo moja inaweza kula asubuhi yako yote. Basi nikamkalisha mtoto mkekani mbele ya ndoo. Mwanzoni alipiga kelele. Baada ya muda akawa ananyonyoa kuliko mimi, maana vidole vyake ni vidogo na macho yake ni mazima.

"Bibi, huyu ana mabawa kama malaika?"

"Ana mabawa. Malaika hatumnyonyoi. Haya, sema na mimi: Msiogope."

Bawa likang'oka. "Msiogope."

"Endelea. Kwa kuwa."

Bawa la pili. "Kwa kuwa."

Hivyo ndivyo mstari ulivyoingia. Nilisema neno, akang'oa, akasema. Nikaongeza neno, akang'oa, akasema. Siku zile senene walikuwa wengi sana, na kufikia ndoo ya pili au ya tatu mtoto alikuwa ananitangulia. Habari njema ya furaha kuu ilitoka kinywani mwake huku miguu ya senene ikiruka huku na huku, na kila senene aliingia ungoni akiwa ameshahubiriwa. Hakuomba pipi hata mara moja. Nilikaa pale nikijiona mwalimu. Nikajisemea, semina inafanyika hapa, kwenye mkeka, na kiingilio ni bure. Nilimwonea huruma yule mwalimu wa sifongo, masikini, aliyesoma miaka yote ile bila kufahamu senene.

Kiburi changu kilikuwa cha ukubwa huo. Nakitaja ili muelewe vizuri kilichofuata.

Walikuja siku moja kabla ya Krismasi. Mkwe alishuka kwenye gari taratibu, tumbo limetangulia, mkononi ana mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni jeupe la mtoto, la wavu, limeshonewa maua madogo ya kitambaa kuanzia shingoni mpaka chini, mengi kiasi kwamba gauni lenyewe hulioni.

"Ni zuri," nikasema. "Anaolewa lini?"

"Ni la malaika, Mama."

"Aa. Nilidhani malaika huja wamevaa tayari."

Jioni, kabla hata ya chai, akamsimamisha mtoto sebuleni. "Haya, mpenzi. Tumsikie malaika wetu."

Mtoto akasimama. Akanitazama, akamtazama mama yake, akaitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vinasuguana.

"Msio...," mama yake akamsaidia.

Kimya.

"Mama," mkwe akaniita, kwa ile sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Anaujua," nikasema. "Amechoka na kutazamwa. Mwacheni."

Nikamchukua jikoni, nikampa sinia la mchele wa kesho atoe mawe. Sikumwambia kitu. Alipoanza tu kuchambua, mstari ukaanza wenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nikatoka nje, nikasimama mlangoni pa sebule nikiwa nimeshika kiuno.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," mkwe akasema. "Lakini jikoni si mbele za watu."

Ningekuwa na akili ya kutosha, pale pale ningeelewa. Mtoto alikuwa amenionyesha waziwazi, na mimi nikaenda kulala nikijisifu.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwetu Krismasi watu wote hurudi nyumbani, wa Mwanza, wa Dar es Salaam, na kila mmoja anataka tuone viatu vyake. Mimi nilikaa na akina mama wazee upande wetu. Mwanangu na mkewe walikaa mbele. Watoto wakaitwa. Mwenye Kaisari na sensa akasema vyake, mwenye hori akasema vyake akakimbia kabla ya kupigiwa makofi. Halafu mwalimu wao akamsukuma mjukuu wangu mbele, na lile gauni la maua likasimama katikati ya kanisa kama keki.

Kimya.

Mwalimu akamnong'oneza neno la kwanza. Kimya. Akarudia. Mtoto alikuwa anaangalia chini, na vidole vyake vinasuguana vile vile, kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayeviringa kitu kisichokuwepo. Nyuma mtu akakohoa. Mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Ameogopa, masikini," na mimi nilikuwa naona mlango wa gari unafunguliwa na begi la magurudumu linaingizwa.

Hapo nikamwona mkwe wangu ananyanyua mkono polepole, na mkononi mna pipi. Pipi nyekundu, kanisani, siku ya Krismasi, mbele ya madhabahu. Akaichezesha kidogo ili karatasi ing'ae. Nilitaka kusimama. Nilitaka ardhi imeze pipi, pochi, na semina yote.

Mtoto akaiona. Akaitazama pipi. Akamtazama mama yake. Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu mzima anayekataa kikombe cha pili. Halafu akashika ua la kwanza la gauni, lile la karibu na shingo, akaling'oa.

"Msiogope," akasema.

Ua likaanguka sakafuni.

Akashika la pili, akaling'oa. "Kwa kuwa."

Kanisa zima likatulia, watu wanashindwa kujua kama hii ni sehemu ya ibada. Mimi nilijua. Yale maua aliyashika kama anavyomshika senene, kwa vidole viwili, anavuta kwa pembeni, anatupa, anachukua lingine, na kila ua likatoka na neno lake. Nilimfundisha mstari ukakaa vidoleni, na siku zote nilikuwa nadhani umekaa moyoni. Mwenzangu alihitaji pipi ili mtoto aseme. Mimi nilihitaji ndoo ya panzi.

Akafika kwenye furaha kuu, na upande wa kushoto wa gauni ulikuwa umebaki wavu mtupu. Bibi mmoja nyuma yangu akaachia, "Maawe! Anamnyonyoa malaika!" na hapo kanisa likapasuka. Akina baba walicheka, wanakwaya walicheka, mwinjilisti akajifunika uso na kitabu cha nyimbo na mabega yakawa yanatikisika. Mtoto hakucheka. Alikuwa kazini. Akasema mpaka neno la mwisho, akainama akatafuta ua la mwisho karibu na pindo, akaling'oa, akalitupa, akajipangusa mikono kwenye lile gauni lililokuwa uchi, akarudi mahali pake.

Makofi yaliyopigwa siku ile sijayasikia hata askofu alipotutembelea.

Nje ya kanisa mwanangu alinikuta naokota maua niliyoweza kuyapata, nayaweka kwenye kanga.

"Mama," akasema, machozi ya kicheko bado usoni, "pipi zilikuwa nafuu."

"Nyamaza. Wewe ulifundishwa kwa fimbo, na hata hivyo hukumbuki kitu."

Mkwe hakucheka. Mezani pilau aliigusa kwa kijiko tu. Nikajua hesabu yangu imeharibika. Mtoto alisema chote, ndiyo, lakini gauni lilikuwa limekwisha, na mbele za watu aibu ni aibu. Baada ya chakula akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda kwa shida, na lile tumbo. Nilijiandaa kusikia habari za gauni.

"Mama, alinitazama," akasema. "Aliiona pipi mkononi mwangu, akanitazama usoni, akakataa. Mbele za watu wote."

Nikaona kumbe gauni halikuwa limemgusa hata kidogo. Mimi si mtu wa kubembeleza, na kwa watoto wangu mwenyewe sikuwa. Nikaendelea kusugua sufuria.

"Hakukukataa wewe," nikamwambia. "Alikuwa na kazi mkononi. Ningemwita mimi mwenyewe, angenitikisia kichwa vile vile. Huyo mtoto kila jioni akilala anauliza kama mdogo wake tumboni mwako ana mabawa. Anayekukataa hakuulizii tumbo lako."

"Anauliza hivyo?"

"Kila jioni. Nimechoka kujibu."

Akafuta macho kwa upande wa kanga, akacheka kidogo. Nikasugua ile sufuria mpaka ikaanza kuonyesha sura yangu. Sikumwuliza. Kama alikuja kumchukua mtoto wake, sitamwomba.

"Neno langu ni lile lile," akasema mwishowe. "Alisema chote. Abaki mpaka Pasaka."

"Sawa," nikasema.

"Lakini nikija, nimkute anaweza kusema mistari mikono ikiwa imetulia. Tafadhali, Mama."

"Hilo sikuahidi. Mwinjilisti mwenyewe akihubiri mikono haitulii, na yeye amesomea."

Waliondoka siku ya tatu. Mama alimkumbatia mtoto kwa muda mrefu kuliko ninavyoona inafaa, wakaambiana maneno masikioni, na pipi moja nyekundu ikapita kutoka pochi hadi kiganja. Niliiona. Niligeuka nikaangalia migomba. Gari likapinda kwenye kona, vumbi likashuka, na mtoto akabaki amesimama katikati ya uwanja, shavu moja limevimba kwa pipi, hajasema mstari wowote.

"Bibi, kesho tunafanya nini?"

"Kesho tunakwenda kukata nyasi," nikamwambia. "Ingia ndani, jua kali."

Akaingia. Nikamsikia anaburuta kiti, anafungua kabati, anaangusha kitu, anajisemea peke yake. Nikakaa kizingitini nikamsikiliza, na nikamwacha aangushe anachotaka.